Salamu za Sally

Winnipeg, Kanada
21 Januari 1996

Mpendwa Mama Sally,

Pokea salamu kutoka kwenye barafu. Hamjambo huko? Mama anaendeleaje na ule mguu wake? Mimi ni mzima, ila masikio sina hakika kama bado ninayo, maana leo nimetembea hadi chuoni bila kofia kama mjinga.

Sasa kaa chini. Umekaa? Wamekubali! Chuo wameandika barua ya kuwaalika, na watu wa kanisa ninaloenda hapa watatoa nauli. Tukiwahi makaratasi, mwezi wa tisa au wa kumi mtakuwa hapa, nyote watatu. Sally nimeshamwandikisha shule. Iko ng'ambo tu ya barabara, nikisimama dirishani naona mlango wa darasa lake.

Shika kalamu uandike ya kufanya. Pasipoti ni yako, watoto wataandikwa humo ndani. Vyeti vya kuzaliwa, vyote viwili. Kadi zao za kliniki. Picha nne nne za kila mtoto, masikio yaonekane, na tafadhali Noah asitoe ulimi. Nairobi usiende peke yako, kaka Johana akupeleke. Kitu kingine: wasimamishe watoto juu ya karatasi, uchore miguu yao kwa penseli, unitumie. Viatu vya theluji vinaisha dukani baridi ikipungua, nataka nivinunue mapema.

Na unieleze habari za watoto vizuri. Barua zako siku hizi ni fupi kama risiti. Krismasi nilipiga simu kwa shule ya hapo ili niongee nanyi, nikampata Johana, akasema watoto wameenda kwa mama yako kule Chepilat. Niliumia, kwa kweli. Mwaka na zaidi sijasikia sauti ya Sally. Msomee barua hii, na umwambie baba anamsalimia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye mkubwa.

Ni mimi,
Baba Sally


Litein
18 Februari 1996

Baba Sally,

Sijui nianze na habari gani, kwa hivyo naanza na hii. Sally hayuko. Tulimzika tarehe kumi na saba mwezi wa sita mwaka jana, karibu na ua, pale chai inapoishia. Ni miezi minane sasa.

Ilianza kama homa ya kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima na watoto wote wa hapa walikuwa wanakohoa. Akaanza kutetemeka. Nikasema ni baridi. Mama yako naye akasema ni baridi. Tukawasha moto, nikamfunika blanketi mbili na lile koti lako la kijivu, nikampa chai ya tangawizi. Nani hapa kwetu alijua malaria? Malaria tulijua ni ya watu wa ziwani, sisi ni watu wa ukungu. Siku mbili nzima nilimpasha joto mtoto aliyekuwa anaungua. Siku ya tatu nikambeba mgongoni mpaka zahanati, nikakuta akina mama wengine wamejaa na watoto wao vilevile. Nesi alimgusa shingoni, akanitazama, nikajua.

Baada ya mazishi Mama na Johana waliniita wakanikalisha. Walisema ukijua utaacha masomo urudi mikono mitupu, na kurudi kwako hakutamrudisha. Tungoje mtihani uishe. Nikakubali. Mtihani wa Desemba ukaisha, wakasema tungoje mwingine. Nikakubali tena, nisimsingizie mama yako. Niliogopa. Uliniachia watoto wawili.

Mama anasema mtoto mdogo akienda jina lake linaachwa, halitajwi tena. Sokoni siku hizi naitwa Mama Noah. Wa kwanza kuniita hivyo alikuwa Rebeccah, jirani yetu anayeuza sukuma, na alisema kwa huruma kabisa, lakini nilimwachia mboga zake nikaondoka.

Noah bado anaongea naye. Nikichuma chai yeye anaketi chini katikati ya mistari, namsikia anauliza, anajibiwa, anacheka. Anajijibu mwenyewe, nadhani. Nikimuuliza anaongea na nani ananiangalia kama mimi ndiye sina akili.

Na sasa unataka picha nne nne. Nimpeleke nani kwa mpiga picha?

Nimeisoma tena hii barua. Sitaweza kuituma. Naiweka ndani ya Biblia.


Litein
20 Februari 1996

Mpendwa Baba Sally,

Natumai barua hii itakukuta na masikio yako yote mawili. Sisi hapa wote wazima kwa neema ya Mungu. Mguu wa Mama umepata nafuu. Jua limekuwa kali na chai imepungua, lakini maziwa yapo.

Asante kwa habari njema. Nililia mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Makaratasi nimeanza, na Johana amesema atanipeleka Nairobi mwezi ujao. Picha bado, kamera ya mpiga picha wa hapa imeharibika. Ndani ya barua utapata miguu ya watoto. Ya juu ni ya Sally, ya chini ni ya Noah.

Sally anakusalimu. Anauliza kama hiyo baridi inauma.

Ni mimi,
Mama Sally


Winnipeg
24 Machi 1996

Mpendwa Mama Sally,

Hamjambo wote? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na nitakwambia kwa nini.

Miguu ya watoto niliibandika ukutani juu ya kitanda, nikawa naitazama kila jioni. Sasa nikuulize kitu na usicheke. Kidole kidogo cha Noah kimepanda juu ya mwenzake, kama changu na kama cha marehemu baba. Umekichora vizuri. Lakini mguu wa Sally nao umeuchora hivyohivyo. Sally ana vidole vyako, vimenyooka. Jioni ya kabla sijasafiri nilimkata kucha mimi mwenyewe, kwa hivyo usiniambie nimesahau. Nimeweka karatasi moja juu ya nyingine dirishani. Ni mguu mmoja, Mama Sally. Huu wa juu umezidi kwa upana wa penseli tu.

Nilijiambia mtoto alikataa kusimama, na wewe ukachoka kubembeleza, ukachora wa Noah mara mbili. Sally kukataa anaweza, namjua. Kama ni hivyo sema tu, tutacheka. Lakini picha hakuna. Sauti hakuna. Yuko shule, na hajaniandikia hata herufi moja, na mimi nilimwacha akijua kuandika S.

Nyumba hii ina mabomba ya kupasha joto ambayo hugonga yakianza kupata moto. Mimi huwa nasema, Sally, ingia. Ni mchezo wangu tu wa mtu anayekaa peke yake. Wiki hii mabomba yamegonga na nimeshindwa kusema.

Mtoto yuko wapi? Ni mgonjwa? Mmempeleka kwa mtu? Niambie. Usiniandikie wote wazima.

Baba Sally


Sotik
21 Aprili 1996

Baba Sally,

Leo sina salamu. Ndani ya barua hii kuna nyingine niliyoiandika mwezi wa pili. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa. Lakini usiisome peke yako, nakuomba. Kama kuna mzee wa kanisa huko, mwite.

Umeisoma?

Miguu yote ni ya Noah. Nilimsimamisha mara ya pili, nikashika penseli mbali kidogo na ngozi. Akaniuliza huu ni wa nani, nikamwambia ni wa Sally. Akasema, "Sally hataki viatu vyeusi." Nikaendelea kuchora. Mungu anisamehe, niliendelea mpaka nikamaliza vidole vyote.

Mama hajui nimekuandikia. Johana pia hajui, ndiyo maana nimekuja posta ya Sotik. Yule wa posta ya Litein ni binamu yenu, na unajua mdomo wake.

Makaratasi nimesimamisha. Ukisema tubaki, tutabaki. Ukisema urudi, masomo ni yako. Lakini nijibu. Hata kama ni kunitukana, nitukane kwa barua nisome.

Ni mimi,
Mama Sally


Litein
15 Juni 1996

Baba Sally,

Barua yangu ilifika? Posta nimeenda mara sita. Kesho kutwa mwaka unatimia. Noah hajambo. Sijui niandike nini kingine.

Mama Sally


Winnipeg
2 Julai 1996

Kwa Mama Noah,

Barua zako mbili nimepata. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu mkono wenyewe unaandika msalimie Sally.

Nimetoa barua zako zote tangu mwezi wa sita mwaka jana hadi ile ya miguu. Ni kumi na moja. Ndani ya kila moja Sally ananisalimia. Anauliza kama hapa kuna ng'ombe. Anataka kitabu cha kupaka rangi. Ameng'oka jino. Mtoto yuko chini ya udongo na anang'oka jino! Nilimwambia kila mtu hapa kuhusu hilo jino. Nani alikuwa ananisalimia, Janeffer? Ulikuwa unakaa mezani unabuni?

Wewe umelia mwaka mmoja. Umelia na Mama, na majirani, kanisa likaja na unga na maziwa likakaa na wewe. Binti yangu mimi amekufa mwezi wa tano, kwa bahasha, na hapa hakuna hata mtu mmoja aliyemjua. Nilimwambia mwalimu wangu wa chuo. Akasema pole sana, akauliza alifariki lini. Ningesema mwaka jana, angeshangaa mbona nalia leo.

Wenye kanisa wameshakata tiketi, tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi. Ziko tatu. Fanyeni mnavyoona, mmeshazoea kupanga bila mimi.

Gibson


Litein
28 Julai 1996

Baba Sally,

Natumai uko mzima, hata kama hutaki niulize. Nimeisoma barua yako mara nyingi na sina neno la kujitetea. Ila moja tu. Usiniite Mama Noah. Watu wa sokoni waniite, mama yako aniite. Wewe usiniite.

Umeuliza nani alikuwa anakusalimia. Ni Noah. Wewe kila barua uliandika msomee Sally. Basi mimi nilichukua barua nikashuka hadi pale kwenye ua nikamsomea, kwa sauti, kama ulivyosema. Noah alikuwa anasimama kando yangu. Nikimaliza, yeye ndiye anasema. Sally anasema msalimie baba. Sally anauliza kama kuna ng'ombe. Jino pia ni yeye, na hilo jino lilikuwa la kweli, lilianza kulegea wiki ileile aliyougua, mimi mwenyewe nilikuwa nimelitikisa. Nikarudi nyumbani nikaandika nilichosikia. Sisemi ni Sally. Mchungaji akisikia habari hii atanitoa kwaya. Nasema tu sikukaa mezani kubuni. Niliona afadhali akusalimie kupitia mtoto kuliko anyamaze kabisa.

Kuna jambo hukuuliza, na mimi siwezi tena kukaa nalo peke yangu. Asubuhi ya mwisho alikuita. Alisema, baba yuko wapi. Nikamwambia anakuja, yuko njiani, ameshafika Kericho. Alifurahi, Gibson. Akasema hatalala mpaka akuone. Nikamfunga mgongoni tukaanza kwenda, na njia nzima nilikuwa nakuleta. Baba ameingia gari la Litein. Baba ameshuka sokoni, ananunua mkate. Baba anapanda kilima, amepita kwa akina Rebeccah. Nikimaliza ananiuliza, na sasa? Tulipokaribia zahanati nikamwambia sasa yuko langoni, anafungua. Hakuuliza tena.

Kwa hivyo wewe si wa kwanza niliyemdanganya. Wa kwanza ni yeye, na aliamini.

Makaratasi niliyarudia, na pasipoti imetoka. Jina lililoandikwa ndani ni la Noah peke yake. Lakini Noah amekataa kusafiri. Anauliza Sally atabaki na nani. Na wewe bado hujaniambia kama unatutaka.

Mama Sally


Winnipeg
30 Agosti 1996

Mama Sally,

Habari za huko? Barua yako niliifungua nikitembea, na sikufika nyumbani. Nilikaa kwenye ngazi za jengo la watu nisiowajua mpaka mwenye jengo akatoka kuniuliza kama naumwa.

Kumbe nilifika langoni. Asante kwa kunifikisha. Nimeshukuru na nimeumia pamoja, sijui hata ni ipi imezidi.

Jana nilivuka barabara nikaenda kule shuleni. Mwalimu alikuwa anapanga darasa, na juu ya ndoano ya kutundika koti alikuwa ameshabandika jina la Sally. Nikamwambia hatakuja. Akauliza kama amepata shule nyingine. Nikasema, hapana, alikufa. Ni mara ya kwanza mdomo wangu umesema hilo neno. Yule mama alibandua jina akanipa, nimekuja nalo.

Njooni. Hasira bado ninayo, sitakudanganya, na mtaikuta hapa mkifika. Lakini nikae nayo peke yangu chumbani nitaharibika. Tiketi ya tatu nimerudisha. Noah mwambie nyanya yake, kogo wake, ndiye atakaa na Sally. Na Mama mwambie hivi kutoka kwangu: yeye ndiye aseme hayo kwa mdomo wake, kwa jina la mtoto, Noah akisikia. Ameficha jina hilo vya kutosha.

Na barua ikija tena isiniambie wote wazima. Niandikie mabaya kwanza.

Baba Sally


Litein
20 Septemba 1996

Baba Sally,

Nianze na mabaya kama ulivyotaka. Noah ana kikohozi, na safari hii sikungoja, nilimpeleka siku ileile. Ni kikohozi tu. Ng'ombe mweusi amekauka maziwa. Johana hataki kuongea na mimi, anasema nimevunja neno la nyumba. Mimi nimekonda, utashtuka. Na hasira si yako peke yako. Ulikuwa mbali, mimi nikabaki na zile blanketi, na kila barua ulikuwa unaniambia habari za theluji. Hilo sikuwahi kukwambia. Ndege naiogopa. Uso wako nauogopa zaidi.

Sasa ya Mama. Nilimsomea maneno yako kama yalivyo. Siku mbili chakula anarudisha. Siku ya tatu alimaliza kukamua, akachukua kibuyu cha maziwa ya mursik, akamshika Noah mkono wakashuka hadi pale chai inapoishia. Mimi nilibaki kwa mlango wa jikoni. Nilimwona anamwaga maziwa kidogo chini. Halafu akaita, akaita kwa nguvu mpaka wachumaji wa shamba la pili wakainua vichwa. "Sally! Sally! Baki na mimi, mimi kogo wako. Mwache ndugu yako aende kwa baba."

Mwaka mzima na zaidi hakuwa amelitaja. Alipomaliza akakaa chini kwenye majani. Akamuuliza Noah, "Amesema nini?"

Noah alisikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Hajasema kitu, kogo."

Tangu siku hiyo haongei naye. Nikichuma chai anaketi palepale katikati ya mistari, kimya, anachuna majani anayapanga. Amekubali kusafiri. Hata ameuliza kama ndege ina choo. Nilikuwa nimeomba Mungu iwe hivyo, mtoto aachiliwe, na sasa imekuwa na siwezi kuvumilia. Juzi niliacha kikapu nikashuka peke yangu na barua yako, nikaisoma yote kwa sauti, nikangoja. Hakuna. Nilisikia tu lori la kiwanda likipanda kilima.

Kwa hivyo leo hakuna salamu zake, na usizitafute ndani ya bahasha. Tunafika tarehe kumi na tatu, tuko wawili.

Mke wako,
Mama Sally